Naomba ushauri: ramani ya ranchi kwenye nyanda za juu za Wyoming
Wakuu, nimepewa kazi ya kuchora ramani ya ranchi moja mashariki mwa Wyoming, Marekani, mahali ambapo unaweza kuendesha gari muda mrefu bila kuona nyumba. Ramani za zamani za USGS (shirika la serikali ya Marekani la jiolojia na ramani), za kipimo cha 1:24,000, zinaonyesha hata pampu za upepo na mabirika ya kunyweshea ng'ombe, ilhali mfululizo mpya ulioanza mwaka 2009 umeziacha pampu hizo, ingawa kwa mchungaji ndizo alama zenye maana kuliko kilima chochote. Hata hivyo, kwenye pampu moja iliyochorwa nilikuta miguu minne ya chuma yenye kutu tu. Je, nianze na kontua (mistari ya mwinuko) zinazotokana na lida, yaani upimaji wa ardhi kwa miale ya leza, kisha nihakiki kila kisima kwa GPS, au nitangulize ramani ya zamani?