Tupeane uzoefu: kuchora, kufinyanga na kubandika na mtoto wa chini ya miaka 3

Kalamu Butu (mwanzisha mada)
Wakuu, nimetoka kusoma malalamiko ya kuta zilizochorwa, nikaona haya mambo tuyaweke mahali pamoja. Mtoto ana mwaka 1 hadi 3, mko ndani, mzazi ana kazi nyingine ya kufanya. Umpe nini mkononi, kwa vipimo gani, na kinaharibikia wapi? Habari za "wangu alizaliwa na kipaji" zina uzi wake.

Naanza na unga wa kufinyanga, ule wa kupika. Unga wa ngano vikombe 2, chumvi laini kikombe 1, maji vikombe 2, mafuta ya kupikia vijiko vya chakula 2, maji ya limau vijiko 2. Koroga kwenye sufuria vikiwa baridi mpaka mabuje yaishe, ndipo uwashe moto mdogo. Mwiko usitulie. Katikati hapo utauona kama uji uliomshinda mpishi. Tulia, usiongeze unga. Ukishaanza kuachana na sufuria na kujikusanya kwenye mwiko, epua, subiri upungue moto, kanda dakika 3. Ukinata vidoleni ujue haujaiva, urudishe motoni dakika 1. Ukiweka kwenye kopo lenye mfuniko unakaa wiki kadhaa. Ukianza kunuka au kuota madoa, tupa.

Mama Pacha
Nakazia hapo kwenye kuongeza unga. Wengi wanaharibia hapo hapo, kesho yake unakuwa makombo.

Shangazi Fundi
Moto wa nini jamani? Unga vikombe 2, chumvi 1, maji 1, kanda, mpe mtoto. Dakika 3 umemaliza.

Mwalimu wa Awali
Shangazi, huo wako ni unga wa sanamu, wa kuumba na kukausha. Wa kuchezea unahitaji wanga uive ndipo uvutike bila kukatika. Halafu kuna la pili, na hili ndilo kubwa: unga wa ngano ni kitu kibichi. Punje hazijachemshwa popote njiani, kwa hiyo unaweza kubeba vijidudu vya kuharisha kama salmonela au E. koli. Mtoto wa mwaka na nusu, lolote analoshika linapita mdomoni kwanza.

Shangazi Fundi
Watoto wangapi wamelamba unga mbichi na wako hai? Na chumvi yote hiyo hakuna atakayerudia mara ya pili.

Mwalimu wa Awali
Chumvi inamfanya ateme, ndiyo, ila haimlindi akimeza bonge. Na kama mna mbwa, unga huo usiuache chini kabisa. Mbwa anakula bonge zima, na chumvi ile inaweza kumuua.

Baba Kifungua Mimba
Kwani huwezi kuupitisha kwanza huo unga mkavu kwenye oveni?

Mwalimu wa Awali
Usitegemee hiyo. Vijidudu vikiwa kwenye kitu kikavu vinastahimili joto kuliko vikiwa kwenye maji, na oveni ya nyumbani hailifikishi joto kila upande sawasawa. Pika na maji kama alivyosema mwanzisha mada.

Shangazi Fundi
Haya, mpike. Mimi na maji yangu baridi tutaonana mwisho wa uzi.

Baba Kifungua Mimba
Tuje kwenye kreyoni, maana uzi wa kuta ndio umetuleta hapa. Mtoto wa umri huu hashiki kalamu kwa vidole, anashika kwa ngumi nzima na kuchora kwa bega. Ukimpa karatasi ya daftari, nusu ya mchoro lazima uangukie mezani. Siyo utundu, mkono wake ndio mpana kuliko karatasi. Chukua karatasi kubwa au boksi lililokunjuliwa, libandike ukutani usawa wa kifua chake kwa selotepu ya karatasi, kona zote 4. Kona moja ikilegea, kazi inageuka kuwa kuchana karatasi. Akichora amesimama, bega na kifundo cha mkono vinapata nguvu. Kreyoni vunja vipande vifupi, kwa sababu kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi, kinamlazimisha atumie ncha za vidole.

Na kwa waliokwishachorewa: kreyoni ni nta, maji matupu hayaitoi. Kitambaa kibichi, soda ya kuokea kidogo, sugua kwa mzunguko bila kukandamiza. Jaribu kwanza nyuma ya mlango, kwa sababu rangi ya kung'aa inaweza kufubaa. Kwenye nguo, kwangua, weka karatasi ya kunyonya juu na chini, pitisha pasi isiyo na mvuke. Nta inahamia kwenye karatasi. Kinachobaki ni rangi tu, hiyo unaifua kwa sabuni ya vyombo. Wino wa kalamu unatolewa kwa spiriti, usihangaike na soda.

Mama Pacha
Vipande vifupi kwa mtoto anayekula hadi kandambili? Hapana mkuu. Kipimo chake ni hiki: chochote kinachopita ndani ya kibomba cha karatasi ya chooni, asipewe aliye chini ya miaka 3. Na hapo umezidisha tahadhari kidogo, kwa sababu kile kifaa cha kupimia vitu vidogo vya watoto kina upana wa milimita 31.7 na kibomba chako ni kipana zaidi. Kipande cha kreyoni kinadumbukia bila kugusa ukuta.

Baba Kifungua Mimba
Nakubali kwa wale wanaotia kila kitu mdomoni. Hao wape zile nene, au zenye umbo la yai. Vipande visubiri mpaka tabia hiyo ipungue.

Mkia wa Mbuzi
Wangu hata zile nene anatafuna. Choo cha juzi kilikuwa upinde wa mvua.

Usiku wa Manane
Kusoma kibomba cha karatasi ya chooni kumenikumbusha kitu ambacho hakuna anayekisema mpaka kimtokee. Maharage puani.

Kila mtu anaisifia ile michezo ya kubandika mbegu. Chora samaki, paka gundi, mtoto apange maharage yawe magamba. Mzazi anageuka kuchukua kitambaa, sekunde 10 hazijaisha. Mtoto halii. Hilo ndilo linalowapoteza watu, halii, anakunja pua tu. Ukimwangalia usoni huoni kitu. Baada ya saa chache anaanza kusugua pua, unadhani mafua. Harage limeshanyonya unyevu, limevimba, limekaba. Zikipita siku bila mtu kugundua, kamasi zinatoka upande mmoja tu na zinanuka. Kamasi za upande mmoja zinazonuka kwa mtoto mdogo siyo mafua mpaka daktari amechungulia humo ndani.

Sasa kosa la kwanza wanalofanya watu ni kibano, au pini, au kijiti chenye pamba. Kitu cha mviringo ukikisogelea na kibano kinateleza kwenda ndani. Kosa la pili ni kumwambia "vuta pumzi kwa nguvu", naye anavuta kwa pua. Mtulize apumue kwa mdomo. Kuna njia inayojulikana kama busu la mama, na mzazi anaweza kuifanya: mweke mapajani, ziba kwa kidole tundu la pua lililo wazi, weka mdomo wako juu ya mdomo wake usivuje hewa, puliza mara moja, pumzi fupi ya ghafla. Hewa inapita nyuma na kulisukuma harage mbele. Ikishindikana mara moja au mbili, acha, nenda hospitali.

Kama ni betri, yale mabapa ya duara kama sarafu yanayokaa kwenye rimoti na kadi za kuimba, usipulize wala usijaribu lolote. Hospitali muda huo huo, usiku au mchana. Betri inaunguza nyama ya ndani, na saa 2 zinatosha kuleta madhara makubwa.

Mama Pacha
Mwili wote umesisimka. Nimetoka kuhesabu rimoti.

Mkia wa Mbuzi
Na akiimeza je?

Usiku wa Manane
Hospitali vilevile, na usimtapishe. Kama amevuka mwaka 1, imemezwa chini ya saa 12 zilizopita na anaweza kumeza, asali vijiko vya chai 2 kila baada ya dakika 10 mkiwa njiani, isizidi mara 6. Asali inapunguza kuungua, siyo dawa ya kubaki nyumbani. Msichelewe kuondoka eti mnatafuta asali. Aliye chini ya mwaka haipati.

Shangazi Fundi
Kwa hiyo sasa mtoto asiguse hata mbegu? Mnatisha watu. Maharage yapo jikoni kila siku.

Mwalimu wa Awali
Ya jikoni yako juu ya kabati, Shangazi. Na maharage mekundu mabichi yana sumu inayoisha yakichemshwa sawasawa, akitafuna machache tu tumbo linavurugika. Ila kibaya kuliko yote ni vile vishanga vinavyovimba ukiviweka majini. Vinavutia macho, vinateleza, vikimezwa vinaendelea kuvimba tumboni na vinaweza kuziba utumbo, na kwenye eksirei ya kawaida mara nyingi havionekani. Visiingie ndani ya nyumba yenye mtoto mdogo.

Kalamu Butu
Wakuu, uzi ni wa kuchora. Turudi. Mwenye rangi ya vidole alete.

Kikombe Kimoja
Ninayo. Wanga wa mahindi nusu kikombe, maji vikombe 2. Vuruga baridi, moto mdogo, koroga mpaka iwe nzito na ianze kung'aa. Ikipoa gawa kwenye vikopo, rangi ya chakula matone 3 hadi 5 kila kimoja, changanya wewe mwenyewe mpaka isionekane tone lolote. Tone zima likigusa kidole, kidole kinabaki bluu siku 2. Tone 1 la sabuni ya maji linasaidia itoke nguoni. Kwenye friji inakaa siku 4 au 5, kisha inaanza kutoa maji juu, mwaga.

Mtolee rangi 2 tu kwa siku, na uzichague. Njano na nyekundu, au njano na bluu. Ukimpa zote 3, ndani ya dakika 2 ana tope la kahawia, na mtoto hajakosea, ndivyo rangi zilivyo. Hapo ndipo watu husema "huyu hapendi kuchora".

Mama Pacha
Kwa asiyetaka kufua: vijiko 3 vya rangi hiyo ndani ya mfuko wa zipu, toa hewa, funga, kisha bandika kingo zote 4 mezani kwa selotepu pana. Anachora kwa kidole juu ya mfuko. Ukae naye, na ukimaliza uondoe, mfuko wa plastiki haukai mikononi mwa mtoto.

Mkia wa Mbuzi
Safi kuliko zote ni maji matupu. Brashi ya kupakia rangi ukuta, kopo la maji, mpeleke kwenye ukuta wa nje au sakafu ya saruji. Anapaka, panakauka, anapaka tena. Hakuna cha kufua.

Baba Kifungua Mimba
Kopo ndiyo, ndoo hapana. Kichwa cha mtoto wa umri huu ni kizito, akiinamia ndoo hawezi kujiinua, na maji ya sentimita chache tu yanatosha kumzamisha. Mkimaliza mwaga pale pale, kabla hata ya kumkausha.

Kikombe Kimoja
Kwenye kubandika kuna jambo moja linaudhi watu bure. Mtoto wa miaka 2 hajaelewa kwamba gundi inakaa katikati ya vitu viwili. Anaweka kipande, halafu anapaka gundi juu yake, kinaanguka, analia. Paka gundi karatasi nzima wewe, yeye aweke tu. Gundi ya kupika ni unga 1 kwa maji 5, chemsha ukikoroga mpaka ing'ae, ipoe. Vipande viwe vikubwa kama kiganja, na visiwe vya kumetameta. Ile chengachenga inayong'aa ikiingia jichoni akasugua, inakwaruza.

Shangazi Fundi
Nimerudi na maji yangu baridi. Alama ya kiganja cha mtoto, ya kuweka ukumbusho. Unga vikombe 2, chumvi 1, maji kikombe 1 kasoro kidogo, yaongeze taratibu. Kanda dakika 10, siyo 2, chumvi ipate kusambaa. Sukuma unene wa sentimita 1. Mtoto akigusa kitu cha baridi anakunja vidole, kwa hiyo usikandamize mkono wote kwa pamoja. Laza kiganja, kisha bonyeza kila kidole kivyake kutoka juu. Oveni nyuzi 100, kama saa 3, geuza baada ya saa ya kwanza. Ukipandisha hadi 150 ili uwahi, unavimba mapovu na kupasuka katikati ya kiganja. Bila oveni ni siku 3 hadi 5, geuza kila siku. Ukikauka paka vanishi pande zote 2, vinginevyo chumvi inanyonya unyevu wa hewa na kiganja kinatoka jasho, kinalainika. Na kabla Mwalimu hajafika: mikono ioshwe kwa sabuni.

Mwalimu wa Awali
Hapo sina neno. Ongeza tu kwamba tundu la uzi litobolewe kabla ya kukauka, kwa mrija, sentimita 1 na nusu kutoka ukingoni. Likiwa karibu zaidi panavunjika.

Mkia wa Mbuzi
Swali la kijinga. Wanga wa mahindi vikombe 2 kwa maji kikombe 1, ule unaokuwa mgumu ukiupiga na kutiririka ukiuacha. Mtoto kacheza dakika 6, nimebakiwa na beseni zima. Namwaga kwenye sinki?

Kikombe Kimoja
USIMWAGE. Unatuama kwenye bomba na kuganda kama saruji. Acha beseni juani mpaka ukauke uwe unga, kwangua, tupa na takataka.

Mkia wa Mbuzi
Nimeshamwaga nusu.