Naomba ushauri: hotuba ya kuwaaga tunaowaacha shuleni

Habari wakuu. Wiki mbili zijazo tunamaliza sekondari, na wenzangu wamenisukumia kazi ya kuwaaga wadogo zetu kwa niaba ya darasa. Sharti lao ni moja tu: watu wacheke.

Nimeamua kuiandika kama wosia, ule wa mzee anayegawa mali kabla hajafumba macho. Wahitimu wa Marekani wana mtindo huo siku nyingi. Basi tunawarithisha dawati la nyuma lenye mguu mmoja mfupi (karatasi ya kuliweka sawa ipo chini yake, msiitupe), feni inayopiga kelele kuliko mwalimu wa zamu, na jina la utani la mwalimu wa hesabu, ambalo hata sisi tulilikuta. Hapo sina wasiwasi.

Shida inaanzia kwa watu. Kuna dogo mmoja huchelewa kila asubuhi na kila siku ana kisingizio kipya. Nimemwandikia: "Tunakuachia saa ya ukutani, ingawa imesimama." Wenzangu walicheka hadi machozi. Lakini yeye hatapata nafasi ya kujibu, na utani huo atabaki nao mwaka mzima sisi tukiwa hatupo. Nimtaje, nimwombe ruhusa kwanza, au nitusute sisi wenyewe tu?

Na hilo jina la mwalimu wa hesabu, mwenyewe akiwa amekaa mstari wa mbele... nilitamke au niishie njiani?

Mliowahi kusimama pale mbele, mlifanyaje?