Mtandio wa phulkari kuwa koti, na kurta ya chikan kazini: naomba ushauri

BintiKirumba

Habari zenu wadau. Nina mtandio wa phulkari (darizi ya maua ya Punjab, huko India na Pakistani), urefu sm 230 na upana sm 90. Ni pamba nzito rangi ya tofali, na kingo zote mbili ndefu zina pindo la maua. Nataka uwe koti fupi la sendofu, halafu baadaye livaliwe na jinzi. Fundi mmoja ameshauri akate kama anavyokata kitenge, kisha apitishe ovaloki. Nimesita.

Ya pili ni kurta (shati refu la Kihindi) nyeupe ya chikan, nayo ni darizi ya India, pamba nyepesi inayoonyesha mwili, nataka kuivaa ofisini. Sasa: mtandio ukatwe vipi nyuzi zisifumuke? Ndani ya kurta kuvaliwe nini? Na vifuliweje kwa jua hili la Mwanza?

FundiNyakato

Dada, umefanya vizuri kusita. Phulkari ya Punjab hudariziwa kwa kuhesabu nyuzi za kitambaa, na mdarizi anafanya kazi upande wa nyuma. Mbele unabaki uzi wa hariri usiosokotwa, umelala mrefu juu ya kitambaa. Nyuma unaona vitone tu. Ukipitisha mkasi katikati ya ua, kila uzi uliokatika hauna tena kinachoushika. Ovaloki haisaidii hapo, kwa sababu kisu chake kinakata tena zile nyuzi na meno ya mashine yanazivuta.

Kwanza shona koti la majaribio kwa amerikani ili vipimo vyote viishie huko. Mtandio hauvumilii kufumuliwa mara mbili, matundu ya sindano yanabaki.

Vipande vipange kwa kufuata urefu wa mtandio: mgongo sm 60, kifua cha kushoto sm 32, cha kulia sm 32, vyote vikiwa na kimo cha sm 65. Badilisha kwa mwili wako, lakini mpango ubaki huo. Miguu ya vipande vyote isimame juu ya pindo lile la maua, ili pindo liwe ukingo wa chini wa koti na usihitaji kukunja chochote. Ukiongeza nafasi ya mishono utatumia kama sm 136, na karibu mita moja itabaki nzima.

Chora kwa chaki upande wa nyuma. Kabla ya kukata, piga mshono wa cherehani juu ya mstari wa kushonea, hatua ndogo ya milimita 2, sindano namba 11. Piga wa pili milimita 3 nje ya huo. Mguu wa cherehani utakuwa unanasa nyuzi ndefu, kwa hiyo weka karatasi nyepesi juu ya darizi, shona juu yake, kisha ichane taratibu. Baada ya hapo ndipo ukate, ukiacha sm 2 kamili nje ya mstari wa kushonea. Ile sm 1 tuliyoizoea kwenye vitenge hapa ni ndogo.

Kila kipande kiwekee malmal (pamba laini nyepesi) nyuma na upige bandi kwa mkono kila baada ya sm 8 hadi 10. Malmal ndiyo itakayobeba uzito begani na kwenye kwapa. Kile kitambaa kigumu cha kubandika kwa pasi usikiruhusu: joto na gundi vinalaza hariri, na ikishalala hainyanyuki.

Mikono usiitoe kwenye mtandio. Tumia kitani au pamba tupu, rangi uichukue kwenye uzi mmojawapo wa darizi. Mkono ndio unaosugua meza, unaonasa bangili na saa, na unaolowa jasho la kwapa. Koti lenye mgongo na kifua cha phulkari na mikono mitupu linavalika na jinzi bila kuonekana umetoka nusu ya harusi.

Capripoint_Mitindo

Nakubaliana na fundi kwa mtandio mpya tu. Kama ni kazi ya zamani, au ni ile inayoitwa bagh ambayo darizi imefunika kitambaa chote, usikate kabisa. Hiyo vaa kama shali juu ya gauni tupu, ikunje kwa urefu na uifunge mkanda kiunoni. Bagh iliyokatwa haina thamani tena, na ni nzito mno kwa koti.

Na hakikisha kwanza kwamba ni kazi ya mkono. Geuza. Mashine inaacha uzi wa pili nyuma, mara nyingi mweupe, uleule chini ya rangi zote, na maua yote yanafanana kama mhuri. Mkono unaacha vitone visivyolingana sana na mahali uzi ulipoanzia na kuishia. Kama ni ya mashine, hata ushauri wa ovaloki haukuwa mbaya.

Jaribu rangi kabla fundi hajagusa. Chukua pamba nyeupe, iloweshe, ikandamize nyuma ya kila rangi kwa dakika tano. Nyekundu na buluu iliyokolea ndizo wachokozi.

Kuhusu kurta. Chikan ni kazi ya Lucknow, na tangu 2008 jina hilo linalindwa India kwa alama ya kijiografia. Mchoro hupigwa kwanza kwa mhuri wa mbao na wino wa buluu, wanadarizi juu yake, kisha nguo inafuliwa wino utoke. Ukikuta mistari ya buluu kwenye kurta mpya si uchafu. Ifue kabla ya kuipiga pasi, joto linaweza kuigandisha.

Angalia una mishono ipi. Ile kama kivuli, bakhiya, uzi wake mwingi uko nyuma, kwa hiyo adui yake ni pete, mkufu na kulabu za sidiria. Vinundu vidogo ni phanda, na vile virefu kama punje ya mchele ni murri. Halafu kuna jali, wavu mdogo. Jali haikatwi: nyuzi za kitambaa zinasukumwa kando kwa sindano na kubanwa zikae hapo. Nguo ikibana, nyuzi zinavutika na wavu unapasuka. Kurta yenye jali ikuzidi kifuani angalau sm 10. Watu wanaopunguza kurta ubavuni ili "ikae mwili" ndio wanaolalamika baada ya mwezi kwamba chikan haidumu.

Ndani vaa shimizi ya pamba yenye rangi ya ngozi yako. Nyeupe chini ya nyeupe inaonekana zaidi, jaribu mbele ya dirisha. Kwa ofisini, kurta na suruali ya kitambaa ya bluu nyeusi au kaki, viatu vya ngozi, hereni ndogo. Kitenge usikichanganye na darizi, kila kimoja kinataka kuangaliwa. Wabunifu wa India Abu Jani na Sandeep Khosla wamejenga jina kwa chikan, na nyingi ya nguo zao ni nyeupe juu ya nyeupe. Nakshi inaachiwa nafasi.

Kufua: maji ya baridi, sabuni ya maji au shampuu kidogo, dakika tano. Usitumie sabuni ya unga wala jiki. Usikamue, iviringishe ndani ya taulo, bonyeza, kisha ianike ikiwa imelala kivulini, upande wa ndani ukiwa nje. Pasi inapigwa nyuma, juu ya taulo nene, vinundu vizame kwenye taulo badala ya kupondwa.

BintiKirumba

Asanteni sana. Nimegeuza mtandio: nyuma ni vitone, hakuna uzi wa pili, na kitambaa kinaonekana kati ya maua, kwa hiyo si bagh. Lakini pamba nyeupe imetoka na wekundu uleule wa maua. Mpango unakufa?

FundiNyakato

Haufi, ila koti hilo halitaingia majini. Badilisha mambo matatu. Malmal na bitana viwe vya rangi ya tofali au nyeusi, visiwe vyeupe. Bitana iwe pamba au viskosi. Poliesta inakutoa jasho, na jasho ndilo litakaloitoa ile nyekundu. Kwenye kwapa weka viraka vya pamba mara mbili, umbo la nusu mwezi, vya kushikiza kwa vifungo vya kubana ili uvitoe na kuvifua peke yake.

Mikono usiichague nyeupe, hata ikipendeza vipi.

Baada ya kuvaa, ligeuze na ulitundike kivulini penye upepo usiku mmoja. Doa la chakula ligongegonge kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri, bila kusugua. Siku ya mvua usipande nalo bodaboda.

Zari_Nyegezi

Naongezea kwa wanaosoma na wana nguo za zardozi au vioo. Zardozi ni darizi ya uzi wa metali, na unyevu wa ziwani unaufubaza haraka. Usihifadhi kwenye mfuko wa nailoni. Funga kwa shuka kuukuu la pamba, karatasi laini kati ya mikunjo, na ubadilishe mikunjo kila baada ya miezi michache, kwa sababu uzi wa metali hukatikia kwenye mkunjo. Manukato pulizia mwilini, subiri yakauke, ndipo uvae. Dawa ya nondo isigusane na darizi. Kwa draiklini, ulizia kwanza kama puleki ni za plastiki, maana dawa zao zinaweza kuzikunja.

Kazi ya vioo ya Kutch, India: kioo halisi cha darizi hii, kiitwacho abhla, hakina gundi, kimeshikwa na uzi pembeni. Fundi akitaka kupitisha mshono, avifumue vioo vyote vilivyo ndani ya sm 1.5 ya mstari. Sindano ya cherehani ikigonga kioo, kipande kinaruka usoni. Kukirudisha: vuta nyuzi mbili za wima na mbili za kulala juu yake, zikikatana, rudia kwa mshazari, kisha zunguka na mshono wa tundu la kifungo ukishika zile nyuzi pamoja na kitambaa. Nyuzi za kwanza zibane kweli. Zikilegea, kioo kitadondoka hata kabla ya keki kukatwa.