Tupeane uzoefu: geji ya mshale na ya kielektroniki, ipi imewahi kukuangusha majini?

Wapiga mbizi wenzangu wa Kisumu na majirani, acheni nianze mwenyewe. Mwaka jana tulikuwa tukitafuta injini ya mashua iliyozama karibu na ufuko wa Dunga, Ziwa Victoria, na geji yangu ya mshale, yaani kipimo cha shinikizo la hewa iliyobaki mtungini, ilikuwa ikisoma baa 50, yaani akiba kamili ya kupandia, nilipohisi hewa imekuwa nzito kuvuta. Nilipanda bila kungoja. Ndani ya mashua nilifunga koki ya mtungi, nikabonyeza kitufe cha regulata (kifaa cha kupumulia) hadi hewa ikaisha kabisa, na mshale ukashuka taratibu, kisha ukakwama kwenye 40 badala ya kufika sifuri. Ndani ya geji hizi mna kibomba chembamba cha chuma kilichopindwa, ambacho hujikunjua shinikizo likipanda na kuusukuma mshale. Geji ikianguka sakafuni, kama yangu ilivyoanguka, kibomba huweza kupinda vibaya huku kioo hakina hata mkwaruzo. (Aliyeiangusha anasoma hapa, na tumeshasameheana.) Sasa ninataka kununua nyingine, na ninasita kati ya aina hizi mbili.

Mchangiaji wa Homa Bay:
Pole, ndugu. Mimi ninatumia saa ya kupigia mbizi inayopokea usomaji wa mtungi kutoka kwa kisambazaji kilichofungwa kwenye regulata, bila hosi. Mara moja tu ndiyo imenikatikia, tukiwa chini mita nane: tarakimu zilitoweka zikabaki vistari, nami nikapanda. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu onyo la betri lilikuwa limejitokeza tangu asubuhi nikalipuuza. Hata hivyo sitaiacha, maana kwenye tope la ghuba yetu, ambapo huoni kiganja chako, huibandika kwenye kioo cha barakoa na kuisoma kwa mwanga wake yenyewe, ilhali mshale ungehitaji tochi na mkono wa tatu.

Mchangiaji wa Mbita:
Ninyi mnazungumzia hewa tu. Mimi nitazungumzia kina. Nilinunua kipima kina cha mshale, kilichokwisha kutumika, kutoka kwa mwenzetu wa Mombasa, na kilikuwa kizima kabisa. Tulipokishusha kwa kamba yenye fundo kila mita, kamba ilisema 20 na mshale ukasema 18. Tulirudia mara tatu, tukidhani ni mawimbi. Sababu ni kwamba kipima hicho huanza kuhesabu kutoka shinikizo la hewa la usawa wa bahari, nasi tuko zaidi ya mita 1,130 juu yake, kwa hiyo mshale hauanzi kuondoka sifuri mpaka uwe umeshuka zaidi ya mita moja. Tena kimepimiwa maji ya chumvi, ambayo ni mazito kuliko maji yetu yasiyo na chumvi. Makosa yote mawili huelekea upande uleule wa kukudanganya kwamba uko juu kuliko ulipo, na majedwali ya kupandia (ya muda wa kukaa chini na jinsi ya kupanda) yaliyotengenezwa kwa bahari nayo hayatoshi huku kwetu. Saa nyingi za kielektroniki hujirekebisha zenyewe, ila nyingine lazima uziwekee mwinuko kwa mkono, na yeyote aliyeazima saa ya mtu wa Pwani aikague kwanza.

Mchangiaji wa Kisumu:
Nyongeza fupi. Saa yangu ilijaa maji wiki moja baada ya kubadilishiwa betri na fundi wa simu, kwa sababu ya chembe ya mchanga kwenye mpira wa kuzibia. Tangu hapo ninaubadilisha mpira mwenyewe na kuupaka mafuta ya silikoni.

Mwanzilishi:
Asanteni. Nimeamua kununua ya kielektroniki, na mahali pa ile mbovu ya mshale nitafunga nyingine nzima ya mshale iwe ya akiba kwenye hosi yake. Ndugu wa Mbita, tafadhali tuazime hiyo kamba yako yenye mafundo Jumamosi. Tuko wanne, na kila mmoja ana kipima kina ambacho hajawahi kukijaribu.