Teminali ya ndani ya VS Code inakula prompti nikiandika amri ndefu

mkisauni:
Assalaam aleikum wandugu. Nna laptopu ya zamani kidogo, naingilia nayo kwa ssh (njia ya kuingia kompyuta ya mbali) kwenye seva ya duka moja la spea hapa Mwembe Tayari, na kazi yote naifanya kwa teminali (dirisha la kuandikia amri) ya ndani ya VS Code, ile programu ya kuandikia kodi, manake nataka faili na amri ziwe pahali pamoja. Sasa nikiandika amri ndefu, kabla hata sijafika ukingo wa kulia, kishale kinarudi mwanzo wa laini ileile na maneno yanaandikwa juu ya prompti, yale maandishi ya mwanzo wa laini kabla ya amri. Nikibonyeza mshale wa juu kurudisha amri ya zamani yanabaki mabaki ya herufi, nafuta hayafutiki. Jana usiku nlikuwa nafuta bekapu za zamani kwa rm, nusu ya njia ya faili siioni, mkono ushafika kwa Enter wallahi, nkaacha. Halafu kuna jengine, nikifunga laptopu nikaja kuifungua baadaye herufi za teminali zinakuwa vipande vipande kama zimekatwa na mkasi. Nshatoa VS Code nkaiweka upya, fonti nshabadilisha tatu, wapi!

fundi_tudor:
Waaleikum salaam. Hiyo kadi ya grafiki hiyo. Ingia setingi tafuta `terminal.integrated.gpuAcceleration`, weka `off`, ufunge ufungue tena. Yangu ilikuwa vivyo hivyo ikapona.

mkisauni:
Shukran fundi, vile vipande vimeisha, nimeifunga na kuifungua mara nne herufi ziko sawa. Kula prompti lakini bado.

dada_likoni:
Basi kaka una maradhi mawili, usiyatibu kwa dawa moja. Kabla hujagusa setingi nyengine yoyote ingia seva hiyohiyo kutoka teminali ya kawaida nje ya VS Code uandike amri ileile. Ikiharibika na huko basi VS Code umeionea bure. Kisha ukiwa ndani ya seva andika `stty size`, namba ya kwanza ni idadi ya laini, ya pili upana kwa herufi, panua dirisha uandike tena uone kama zinabadilika. Na utuletee jibu la `echo "$PS1"`, PS1 ndo inayopanga prompti yako inavyoonekana.

mkisauni:
Dada huko nje pia inaharibika!! stty size inasema 24 118 na nikipanua inabadilika vizuri. PS1 ndo hii, niliikopi mahali sababu nilipenda rangi:
`\e[32m\u@\h\e[0m:\w\$ `

dada_likoni:
Ndo hiyo hapo. `\e[32m` ni herufi 5 na `\e[0m` ni 4, zote hazionekani kwa skrini, ni amri za rangi tu, lakini bash, programu inayosoma amri zako, inazihesabu kama zimechukua nafasi. Kwa hivyo inadhani prompti yako ni ndefu kwa herufi 9 kuliko ilivyo, ikifika pale inapodhani laini imejaa inajiona iko laini ya chini kumbe bado iko palepale, ndo unaona inaandika juu ya prompti. Hebu pima, ni herufi 9 kabla ya ukingo. Dawa ni kuzifunga kwa `\[` na `\]` ili isizihesabu:
`PS1='\[\e[32m\]\u@\h\[\e[0m\]:\w\$ '`
Weka kwenye .bashrc (faili ya setingi za bash) ya hiyo seva, si ya laptopu.

mtu_wa_bamburi:
Dada amemaliza, mie naongeza tu kwa watakaokuja na shida ya kufanana na hii. Mie naingia ruta kwa kebo ya siriali, na siriali haipelekei upande wa pili ukubwa wa dirisha kama ssh inavyofanya, basi mashine inabaki na herufi 80 kwa laini 24 za tangu enzi za VT100, teminali ya kampuni ya DEC ya 1978, ukifungua vi (programu ya kuhariri faili) kwa dirisha kubwa inachora kwa kona moja tu. Kama ndani kuna Linux naandika mwenyewe `stty rows 40 cols 120`. Na ukikosea uka-cat (kuonyesha yaliyomo kwa skrini) faili ya zip herufi zikageuka alama za ajabu usifunge dirisha, andika `reset` hata kama huoni unachoandika, bonyeza Enter.

mkisauni:
Nimehesabu, 9 kamili! Nimebadilisha .bashrc, amri ndefu sasa inashuka laini ya pili kama inavyotakiwa. Bekapu nimezifuta mchana huu na njia yote naiona mwanzo mpaka mwisho. Mungu awalipe wote, dada wewe hasa, siku tatu nlikuwa nalaumu laptopu.