Tupeane uzoefu: fedha za umma kwa vijana baada ya masomo na wakati wa likizo, Mtwara na Lindi

Mwanzisha uzi: Wana Kusini, salaam. Naomba tusimuliane: nani amewahi kupata fedha ya halmashauri kwa ajili ya timu, maktaba au mafunzo ya watoto jioni na likizo? Ilitoka fungu gani?

Naanza. Sisi hapa Mtwara mjini tunasomesha na kuchezesha watoto jioni kwenye madarasa ya shule ya msingi. Barua yetu ya mwezi wa tano ilijibiwa kwamba bajeti imeshapita. Diwani ndiye aliyetufungua macho: mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini vipaumbele vinakusanywa miezi mingi kabla, kuanzia mkutano wa mtaa, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata. Msimu uliofuata tuliingia mkutanoni na wazazi, ombi likaandikwa kwenye muhtasari, na safari hii tukapata vitabu na mipira. Posho ya walimu wa kujitolea ilikatwa. Hilo bado linaniuma, maana mpira haumfundishi mtoto kusoma.

Mwalimu wa msingi: Shuleni tunategemea ruzuku ya uendeshaji inayoletwa chini ya elimu bila ada iliyoanza 2016: shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, 25,000 kwa sekondari. Na hiyo ya msingi haifiki yote shuleni, sehemu inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Mpira mmoja wa maana unakula ruzuku ya watoto kadhaa. UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, tunaipenda, na mwaka 2021 mashindano ya taifa yalifanyika hapa hapa Mtwara, ila fedha yake inamfuata mtoto aliyechaguliwa. Hao wengine mia tatu wanaorudi nyumbani saa tisa nani anawawekea fungu?

Fundi cherehani: Watu wengi wanachanganya na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Ile ni mkopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Haina riba lakini inarudishwa, na lazima uwe umefikisha miaka 18. Ilisimamishwa 2023, ikarejea 2024. Kikundi chetu kilinunua vyerehani kwa mkopo huo, na likizo tunapokea mabinti waliomaliza darasa la saba wajifunze bure. Jamani, msikope kwa ajili ya darasa la bure. Kwetu marejesho yanatoka kwenye sare za shule tunazoshona, si kwa wanafunzi.

Mama wa Lindi vijijini: Mimi nasema muangalie kalenda ya huku. Desemba watoto wako shambani kuokota korosho, na likizo hiyo hiyo ndiyo ya jando na unyago. Mradi mmoja ulituletea mafunzo ya likizo ukakuta madawati matupu, wakaandika kwamba wazazi hatuna mwamko. Hawakutuuliza. Tulipokaa mkutano mkuu wa kijiji tulihamishia jioni, Februari hadi Mei, na wakulima tukakubali makato kidogo kwa kila kilo ya korosho kupitia AMCOS yetu, yaani chama chetu cha msingi cha ushirika. Taa ya sola na mwalimu mmoja tunawamudu. Lakini halmashauri tayari inapata ushuru wa mazao kwenye korosho hiyo hiyo, kwa hiyo naona tunalipia kitu kimoja mara mbili.

Mdau wa gesi: Nyongeza fupi. Wenye gesi jirani, Msimbati na Songo Songo, ulizeni ushuru wa huduma unaolipwa na kampuni umepangiwa nini. Na Mfuko wa Jimbo, fedha za miradi ya maendeleo ya jimbo la uchaguzi, upo kisheria tangu 2009, kamati yake inaongozwa na mbunge. Andikeni mradi mahsusi wenye gharama zake. Barua ya kuomba “msaada kwa vijana” inawekwa pembeni.

Mwanzisha uzi: Mama, hoja yako ya kalenda naibeba kama ilivyo. Mwenye muhtasari wa kikao cha kata uliopitisha posho ya walimu wa jioni, popote Mtwara au Lindi, auweke hapa tafadhali. Mkutano wetu wa mtaa ni Novemba, na safari hii tunaanza na posho.