Suanmeitang yangu imetoka na chumvi, nimekosea wapi?

Binti_Temeke:
Wakuu habari za mchana. Kazini tuna dada wa Kichina kwao Beijing, juzi joto limetubana akatuletea juisi yao inaitwa suanmeitang, nyeusi kama kahawa, chachu halafu tamu na kwa mbaaali unasikia moshi, yaani mpaka leo naitamani. Nikashuka Kariakoo nikanunua plamu kavu za Kichina nikachemsha na sukari, mbona imetoka na chumvi? Watoto wameonja wakanirudishia glasi. Jumamosi nina wageni, naombeni msaada.

Mpishi_Magomeni:
Pole dada. Hizo plamu zina unga mweupe kwa juu? Kama ndiyo basi umeuziwa za kumung'unya, zimelowekwa chumvi na sukari, wenzetu wanakula kama sisi na ubuyu. Ya juisi inaitwa wumei, nyeusi tii, imekunjamana, na inanuka moshi kwa sababu inakaushwa kwa moshi. Muoneshe muuzaji haya maandishi 乌梅 usikubali nyingine.

Binti_Temeke:
Zina unga mweupe kweli! Asante sana. Na nikitumia ukwaju si uchachu ni ule ule?

Mzigo_Guangzhou:
Ukwaju mtamu lakini hiyo itakuwa juisi ya ukwaju dada, ule moshi hautaupata. Mimi nilikuwa nafuata mzigo China nikajifunza hukohuko, na usije ukachanganya na liangcha ya Guangzhou (chai yao ya mitishamba), ile ni chungu kweli kweli. Chukua wumei gramu 40, shanzha gramu 30 (vile vitunda vyekundu vikavu vya slaisi), ganda kavu la chenza kidogo, gancao vipande vitatu (mzizi mkavu mtamu), na choya kiganja kimoja, hii hii ya kwetu na wao wanaweka, ndo inaleta wekundu. Osha, loweka nusu saa kwenye maji lita 2, bandika, ikichemka punguza moto iache dakika 40 halafu chuja. Sukari mawe weka mwishoni kabisa huku unaonja. Ganda la chenza ukizidisha inakuwa chungu kama dawa, mimi ya kwanza niliimwaga yote.

Mama_Wawili_Tabata:
Naongezea, usipikie sufuria ya alumini, uchachu unaila na juisi inapata ladha ya bati, tumia stenlesi au chungu. Na hiyo gancao ndiyo urukususu wa wazee wa pwani, ukiizoea sana inapandisha presha, mwenye presha asiwekewe.

Binti_Temeke:
Kumbe! Mama yangu ana presha na Jumamosi atakuwepo, basi yake nachemsha pembeni bila gancao. Kesho asubuhi narudi Kariakoo.

Mpishi_Magomeni:
Ukikuta maua ya guihua makavu, vile viua vidogo vya njano, chukua. Nyunyizia kidogo juisi ikishapoa, usichemshe, harufu yake inapotea. Halafu weka kwenye friji mpaka iwe baridi sana.